Hedifoni Mbili za Sadallah

"Weye, vua! Zinapiga mpaka dungu linatikisika, halafu unaniambia ni za kawaida?"

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Shikamoo gani tena, tangu alfajiri tuko wote shamba hilihili! Vua hizo hedifoni nisikie mwenyewe."

Yasmin akavua sikio moja tu, la kushoto, kama mtu anayefungua mlango nusu kwa mgeni asiyemtaka. La kulia akaliacha palepale, linadunda.

Mwamini alikuwa ameshapanda ngazi ya dungu la mke mwenzake, jambo ambalo hakulifanya tangu mpunga uanze kubeba. Kila mmoja alikuwa na dungu lake. La Mwamini lilikuwa upande wa mto, la Yasmin upande wa barabara ya kwendea Chumbi, na katikati yao shamba moja la mume mmoja. Wakati wa kuamia ndege, vibanda hivyo vya juu ya miguu ya miti ndiyo nyumba. Mtu anakaa juu kutwa, kamba za makopo mkononi. Ndege wakishuka anavuta, makopo yanapiga kelele, ndege wanaondoka huku wanatukana. Ni kazi ya macho na masikio. Na siku zile masikio yote ya shamba la Sadallah yalikuwa yamefunikwa, ndege wakanenepa, wengine wakawa wanarudi viotoni kwa miguu.

"Zako zina kifua," Mwamini alisema. "Zangu zina koo tu."

"Zangu zina kifua? Zangu zina koleo, dada! Zinanibana kichwa kama zinataka kunikamua mafuta. Hedifoni ni hizo zako. Mito ile! Mtu akizivaa kama kalala mapajani kwa mama yake."

"Mito ni ya wagonjwa. Ndiyo maana kaniletea miye."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda, na ili mtu akielewe kidonda hicho lazima kwanza amjue Sadallah.

Sadallah alikuwa dereva wa lori na mtu wa mizani. Tangu aoe mke wa pili, hakuna aliyewahi kumkuta na kosa la upendeleo. Akinunua kanga, ni doti mbili za rangi moja na jina moja, mpaka wake zake wakikutana msibani wanaonekana kama wanafunzi wa shule moja. Akileta tikiti maji, analipima kwa uzi kabla ya kulitia kisu. Na mwaka ule wa mafuriko, alipopata kambare mmoja tu wa kuwapelekea, alimpasua kwa urefu, kuanzia katikati ya mdomo mpaka ncha ya mkia, ili kila nyumba ipate jicho lake, sharubu zake na nusu yake ya mkia. Watu wa Chumbi wanasema jicho la upande wa Yasmin, nyumbani kwake hapohapo Chumbi, lilikuwa bado linakonyeza wakati la upande wa Mwamini limeshaiva kwenye chungu kule Kibiti. Asiyeamini akaulize Chumbi.

Mwamini alishamzoea hivyo. Haki ya Sadallah ilikuwa kavu, haina mchuzi, lakini mtu aliweza kuila akashiba. Hukujua kama unapendwa, ila ulijua mwenzio hapendwi zaidi, na kwa mwanamke aliyeletewa mwenzake nyumbani hilo si dogo.

Halafu Sadallah akarudi kutoka Kariakoo na hedifoni.

Aliwapa siku moja. Bei ilikuwa moja, aliapa mpaka mate yakamkauka. Lakini za Yasmin zilikuwa nyeusi, nzito, kubwa kama makopo yenyewe ya kuamia. Na za Mwamini zilikuwa za kijivu, nyepesi, zina mito laini na utepe wa kitambaa juu ya kichwa. Hazikufanana hata waya wa chaji. Maana yake, kwa mara ya kwanza tangu ajue kupima, Sadallah alikuwa amechagua. Na mwanamume akichagua vitu viwili tofauti, kimoja kimechaguliwa kwa moyo na kingine kimefuata ili haki itimie. Sasa kipi ni kipi? Swali hilo lilimfanya Mwamini aunguze wali, yeye ambaye hakuwahi kuunguza hata mkate wa kumimina.

Akazibeba hedifoni zake mpaka kwa Felix, fundi simu wa stendi ya Kibiti. Felix akazivaa, akatikisa kichwa, akazivua.

"Ni za bei ya katikati, mama. Si za kutupa, si za waheshimiwa."

"Sikukuuliza bei. Nataka kujua, mtu akimnunulia mkewe hizi, anampenda?"

Felix akaanza kutafuta bisibisi aliyokuwa ameishika mkononi.

"Wengine wanapenda besi," akasema hatimaye, macho mezani. "Hizi besi yake ya upole. Sauti za juu ndiyo nzuri, hazichomi. Na haziumizi sikio. Ni hedifoni za mtu mtulivu."

Mtu mtulivu! Mwamini alitoka pale stendi amewaka. Kwani nani alimwambia Sadallah kwamba yeye ni mtulivu? Yeye ni binti wa mpiga ngoma wa Mkongo. Baba yake akiupiga msondo, ng'ambo ya pili ya Rufiji watu walikuwa wanajibu vibwagizo. Viboko walitoka majini wakapanga mstari kandoni, wakubwa nyuma wadogo mbele, wakasikiliza kwa adabu. Na mjamzito yeyote aliyekaribia ngoma ile alijifungua kabla mkunga hajafunga kanga. Mwamini alilelewa chini ya ngoma hiyo. Alilala karibu nayo mchana akiwa mtoto mchanga, na hata leo, mwanamke mzima mwenye mvi za pembeni, kitu kisipomgonga kifuani anaona hakijasemwa.

Na Sadallah alijua. Alimkutia wapi kwani? Ndundu, enzi za kivuko, kabla ya daraja, malori yanapanga foleni mpaka mtu anaota ndevu akisubiri. Mwamini alikuwa msichana wa kuuza samaki wa kukaanga, sinia kichwani, na ili magari yamtambue alikuwa analigonga sinia kwa vidole, mdundo wa baba yake hasa. Sadallah, wakati huo utingo mwembamba, alishuka kwenye lori akaufuata mdundo huo kama mtu aliyevutwa kwa kamba. Alikula samaki mpaka tumbo likamuuma. Lori lao lilipata zamu ya kuvuka, likavuka, yeye akabaki. Sasa mwanamume wa namna hiyo, anayejua kabisa alimpatia wapi mkewe na kwa sauti gani, anakwenda Kariakoo anamchukulia yule mwenzake besi, na huyu anamletea mito!

Kwa hiyo asubuhi ile, alipouona kwa mbali mguu wa Yasmin ukidunda juu ya dungu, tu-tu, tu-tu, alishuka kwake, akalikata shamba katikati, akapanda.

"Haya," Yasmin alisema, akavua na sikio la pili. "Tuzipime basi. Simu moja, wimbo mmoja, tukiwa tumekaa palepale. Usije ukasema nimekudhulumu."

"Na usitie sauti ndogo."

"Sitii ndogo, da Mwamini. Mungu anaona."

Yasmin alikuwa mtoto wa visiwani, kule deltani kwenye mikoko, na alijua mambo ya simu kuliko wote wawili, Mwamini na mume wao. Akatoa simu yake ya tachi, akaziunganisha hedifoni zote mbili, akatafuta ngoma ya harusi aliyoirekodi mwenyewe Muhoro. Wakabadilishana. Ile nyeusi ikamkalia Mwamini kichwani, nzito kama mtungi.

Ngoma ikaanza.

Jamani. Haikuingia masikioni, ilianzia tumboni ikapanda. Mwamini aliisikia ngozi ya ngoma, aliusikia moto uliokuwa unaikausha, alimsikia mpigaji akivuta pumzi kati ya pigo na pigo. Ndoo ya maji iliyokuwa pembeni ikaanza kukunja uso. Chini ya dungu chura akaruka juu. Mwamini akajikuta vidole vyake vinagonga ubao, mdundo wa Ndundu uleule, na machozi yanakaribia, akayameza haraka maana mke mwenzake alikuwa anamtazama.

"Vipi?" Yasmin aliuliza kwa midomo.

Mwamini akavua.

"Mbaya."

"Mbaya?"

"Makelele matupu. Kama lori tupu kwenye mashimo. Na zangu je?"

Yasmin alikuwa amezivaa zile za kijivu, na kwa muda mfupi tu, kabla hajajikumbuka, uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtoto aliyebebwa. Mabega yalishuka. Akafumbua macho upesi.

"Mbaya na hizi. Ngoma inasikika kama inapigiwa Kilwa."

"Nilikwambia."

"Tujaribu kaswida. Sauti za juu ndiyo zinamuumbua mtu."

Wakaweka kaswida ya akina mama, ile yenye mwimbaji wa sauti nyembamba inayopanda mpaka unamhurumia. Kwenye zile nyeusi, kila mwimbaji alipofika kwenye "s", Mwamini alichomwa, kama tone la maji limeanguka kwenye mafuta ya moto. Akakunja jicho moja kama yule kambare. Kwenye zile za kijivu, sauti hiyohiyo ilipita laini kama tui la kwanza. Yasmin aliisikiliza hadi mwisho. Akairudia. Akairudia tena bila kuambiwa.

"Weye, unapima au unafanya ibada?"

"Napima."

"Basi toa jibu."

"Mbaya," Yasmin alisema, na akashindwa kuzivua.

Chini yao shamba lilikuwa limegeuka rangi. Ndege walikuwa wameshuka kwa wingi hata mpunga ukainama, na hawakuwa na haraka. Wengine walikuwa wanachambua punje, hii ndiyo, hii siyo. Hakuna aliyevuta kamba.

Mwamini akamtazama mwenzake kwa ule utazamaji wa mwanamke anayetafuta kosa, na badala ya kosa akaona alama. Pale juu ya sikio la Yasmin, chini ya mtandio, ngozi ilikuwa imebonyea, imekuwa nyekundu, pembeni imechubuka.

"Hicho nini?"

"Kipi?"

"Usinifanye mjinga. Hilo donda."

Yasmin akavuta mtandio kulifunika. "Zinabana. Nilishakwambia zina koleo, ukaona nakutania."

"Na umezivaa kutwa, kila siku? Kwa nini usivue?"

"Nivue weye ukiwa kule unaniona? Useme bi mdogo kaletewa kitu kimemshinda? Bora nife nazo."

Mwamini akataka kucheka, akajikumbuka. Maana yeye naye, kule kwenye dungu lake, alikuwa anazitia zile za kijivu sauti mpaka mwisho, mpaka zinakoroma, akitafuta besi isiyokuwamo, na mguu anauchezesha kwa makusudi ili Yasmin akitazama huku aone kwamba na kwake inadunda.

"Zako zinanipendeza," alisema ghafla, na maneno yalimtoka kama jino. "Basi. Nimesema. Zinanigonga hapa."

"Na miye zako nazitaka," Yasmin alisema polepole. "Tangu siku ya kwanza. Kichwa kinauma, da Mwamini, mpaka natapika."

Mtu mwingine angesema jambo limekwisha: huyu achukue hizi, yule zile, kila mtu ashuke akafukuze ndege. Lakini wivu hauna mlango wa karibu hivyo. Mwamini alizishika zile nyeusi mapajani na moyo ukaanza kumwambia: ikiwa Yasmin anazitaka hizo za kijivu kiasi hicho, basi za kijivu ndizo bora, na ni zako, na ndizo zilizochaguliwa kwa moyo, unazitoaje? Akamtazama Yasmin. Yasmin naye alikuwa amezikamata zile za kijivu lakini macho yalikuwa kwenye zile nyeusi, na ungeweza kuyasoma mawazo yake kwenye paji la uso: kama bi mkubwa analia kwa ajili ya besi, basi besi ndiyo mali, na nilipewa miye.

"Tukibadilishana," Mwamini alisema, "atajua."

"Atajua nini?"

"Kwamba alikosea. Au kwamba moja ilikuwa ya moyo na aliyepewa hakuitaka. Ataumia."

"Unamwogopea kuumia, au unaogopa nitabaki na ya moyo?"

"Weye mtoto una mdomo!"

"Nimejifunza kwako."

Na hapo Mwamini akalitoa lile alilokuwa analitafuna muda mrefu kuliko hedifoni. "Haya niambie ukweli. Siku za zamu yangu, mume wangu anatoka kwako alasiri. Kutoka Chumbi, unavuka daraja, unakuja Kibiti, si safari. Mbona ananifikia isha, wali umeota ngozi? Unambakiza wa nini?"

Yasmin akatoa macho. "Namwacha aende alasiri! Hata chai ya pili hanywi! Nilitaka kukuuliza weye hilohilo. Kwani kwangu hachelewi? Anatoka Kibiti mchana, ananifikia giza. Nilikuwa nasema moyoni, bi mkubwa ana dawa, mpaka nikamwambia mama anitafutie na mimi."

"Dawa! Miye niwe na dawa halafu niletewe mito?"

"Sasa anakuwa wapi?"

Swali hilo likakaa katikati yao kama mtu wa tatu. Mwamini akageuza shingo, atazame popote pale pasipokuwa na uso wa Yasmin. Na ndipo akaona kitu ambacho kutoka kwenye dungu lake, upande wa mto, kisingeonekana kamwe. Kule barabarani, chini ya mkorosho, lori la Sadallah lilikuwa limeegeshwa.

"Lile lori lilifika lini?"

"Tangu asubuhi, umande haujakauka. Katuletea unga."

"Na yeye yuko wapi?"

"Nilijua yuko kwako! Ndiyo maana nilikuwa natikisa mguu kwa nguvu, asikie uchungu."

"Kwangu? Sijamwona!"

Wakasogeleana bila kupanga, bega kwa bega, kwenye ukingo wa dungu, kila mmoja akazivaa hedifoni za mwenzake shingoni ili mikono iwe huru, wakakinga macho na jua. Ndani ya lori, kwenye kiti cha dereva, kulikuwa na kitu kinachotikisika. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma.

"Kuna mtu mle," Mwamini alinong'ona.

"Mmoja au wawili?"

"Namwona mmoja."

"Tazama vizuri, dada. Tafadhali tazama vizuri."

Mlango wa lori ukafunguka. Akashuka Sadallah peke yake, mfuko wa unga begani, akaja juu ya tuta kati ya majaruba. Hakutembea kama mtu aliyechoka na njia. Kila hatua ilikuwa na kituo chake. Na kichwani, jamani, kichwani alikuwa amevaa kitu kinachong'aa rangi ya dhahabu, kipana, kimekumbatia masikio mawili kwa mito minene kama maandazi ya sikukuu. Na alikuwa anaimba. Anaimba kwa nguvu zote za mtu asiyejisikia, sauti inakwenda kushoto, wimbo unakwenda kulia. Vyura walinyamaza kwa aibu.

Mwamini akavuta kamba. Makopo yote ya shamba yakalia kwa pamoja. Ndege wakainuka wingu zima, wakapita juu ya kichwa cha Sadallah, wakamnyea unga. Hakugeuka.

"Baba Mudrick!" Mwamini akamwita kwa jina la mwanawe.

Akaimba.

"Baba Amri!" Yasmin naye akaita kwa jina la mwanawe.

Akaimba, akazungusha bega moja, akafumba macho.

"Kumbe ndiyo anakochelewa," Yasmin alisema. "Anakaa ndani ya lori. Nawe ulinichukia miye kwa muda wote huo."

"Nawe ukanitafutia dawa."

"Tazama mito ile, da Mwamini. Hazimbani hata kidogo. Na anavyokanyaga, besi anayo. Anazo zote mbili."

Mwamini alikuwa anayatazama yale maandazi yakija, na kitu kilichokuwa kimegawanyika ndani yake kwa haki, kama kambare, upande huu na upande huu, kikaungana kikawa samaki mzima.

"Ya moyo ndiyo ile," alisema.

"Ndiyo ile."

"Alijichagulia kwanza. Sisi tukafuata."

"Leo akipanda hapa," Yasmin alisema, akajifunga mtandio kiunoni, "miye nitamshika mikono."

"Umshike. Halafu miye nita—"

Ngazi ikalia. Kichwa cha Sadallah kikachomoza kwenye sakafu ya dungu, macho yamefumbwa, midomo ikimalizia ubeti. Akafumbua. Akawaona wake zake wawili wamekaa bega kwa bega, huyu na za yule shingoni, yule na za huyu, wote wanamtazama juu ya masikio. Akainua kidole, akasogeza mto mmoja tu, wa kushoto.

"Mlikuwa mnasemaje?"